Mada ya tasnifu yako iko masjala

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni afisa utumishi katika halmashauri ya wilaya, nasoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa rasilimali watu huku nikiwa kazini. Nilipeleka mada ya tasnifu, 'Athari za motisha kwa utendaji wa watumishi wa umma', msimamizi wangu akairudisha. Kasema imeandikwa mno na haiendi na mwelekeo wa tafiti za sasa. Huo mwelekeo ni upi? Wenzangu wananishauri niandike kuhusu akili mnemba. Sina fedha za kuzunguka mikoani na nimebakiza miezi minane."

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kurudishiwa kazi, najua mtu anakuwa ameshaipanga kichwani hadi sura ya tano. Ila msimamizi wako hakukuonea. Nimekaa kwenye meza za kutetea tasnifu kwa miaka, na mada hiyo imenipitia mikononi mara nyingi, kilichobadilika ni jina la halmashauri tu. Dodoso la maswali ishirini, watumishi mia moja, kuanzia "sikubaliani kabisa" hadi "nakubaliana kabisa", kisha hitimisho: motisha huongeza utendaji, kwa hiyo serikali iongeze motisha.

Nianze na dodoso hilo, maana ndilo lililoichosha mada. Motisha yenyewe bado inatafitiwa na watu wazito. Tatizo ni kwamba mtumishi yuleyule, kwa kalamu ileile, dakika ileile, anakuambia kama anaridhika na posho zake na kama anafanya kazi vizuri. Akiwa ameamka na furaha atajaza nne na tano pande zote mbili. Akiwa ameona makato asiyoyaelewa kwenye hati ya mshahara atajaza moja na mbili. Ukipiga hesabu utapata uhusiano mzuri kabisa kati ya motisha na utendaji, kumbe umepima asubuhi yake ilivyoanza. Majarida makubwa ya fani yetu siku hizi huzikataa kazi za namna hiyo mapema. Watafiti wamehamia kwenye yale yanayotokea kazini: nani kaajiriwa, nani kabaki, nani kaondoka, kilizalishwa nini, na kingetokea nini kama utaratibu ungekuwa mwingine.

Hicho kipengele cha mwisho ndicho kilichoibadilisha fani. Mwaka 1995 Mark Huselid alichapisha utafiti wa kampuni karibu elfu moja za Marekani, akaonyesha kwamba zile zenye utaratibu mzuri wa kuajiri, kufundisha na kulipa zilipoteza wafanyakazi wachache na kuzalisha zaidi kwa kila mtu. Tulifurahi sana, maana ilikuwa hoja ya kumpelekea mkurugenzi. Lakini swali moja lilibaki likituuma. Je, ni utumishi mzuri ulioiletea kampuni faida, au kampuni yenye faida ndiyo yenye uwezo wa kugharimia utumishi mzuri? Kwa kuangalia tu kampuni zilivyo huwezi kujua. Inabidi kitu kibadilishwe kwa baadhi ya watu na kisibadilishwe kwa wengine, na anayechagua nani aingie wapi awe ni kura, asiwe meneja.

Hapo nakurudisha kwenye motisha yako, na hapa hapa Tanzania. Mwaka 2013 na 2014 shirika lisilo la kiserikali la Twaweza liliendesha mpango wa KiuFunza katika shule za msingi 350, wilaya 10. Shule ziligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. La pili halikupewa ruzuku, ila walimu wa madarasa ya chini waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu kila somo kati ya Kiswahili, Kiingereza na Hisabati. La tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 na Isaac Mbiti, Karthik Muralidharan na wenzao. Ruzuku peke yake haikuongeza kiwango cha watoto kujua. Ahadi ya fedha kwa mwalimu peke yake ilileta matokeo ya kusuasua. Vilipokwenda pamoja watoto walijifunza zaidi waziwazi, kupita hata ukijumlisha faida ya kimoja kimoja.

Ukisoma kama afisa utumishi, utafiti huo unakuambia jambo ambalo dodoso lisingeweza. Mwalimu mwenye ari bila vitabu anagonga ukuta, na vitabu kwa mwalimu asiye na sababu ya kujisukuma vinakaa stoo. Swali la motisha limegeuka kuwa motisha pamoja na nini, na hilo bado lina uwanja mpana kwenye zahanati, kwa maafisa ugani, hata kwa watendaji wa kata.

Jirani zetu Zambia walikwenda hatua moja nyuma zaidi, kwenye tangazo la kazi. Mwaka 2010 serikali yao ilipoanza kuajiri wahudumu wa afya ya jamii, watafiti Nava Ashraf, Oriana Bandiera na wenzao walifanya baadhi ya wilaya zibandikwe matangazo yanayosisitiza kuisaidia jamii yako, na nyingine matangazo yanayosisitiza kupanda ngazi katika utumishi. Kazi ilikuwa ileile na malipo yaleyale. Hofu ya wengi, na mimi ningekuwamo, ilikuwa kwamba tangazo la pili litavuta watu wa kujitafutia maslahi. Walioajiriwa kwa tangazo la vyeo walitembelea kaya asilimia 29 zaidi ya wenzao. Wewe unaandika matangazo ya kazi. Uliwahi kufikiri kwamba karatasi ile inachagua watu kabla ya wewe kuwachagua?

Sasa utaniambia huna fedha wala mamlaka ya kuzigawa shule 350 kwa kura. Kweli. Ndiyo maana nataka ukae kidogo na utafiti wa Jonas Hjort, uliochapishwa mwaka 2014, kwa sababu yeye alitegemea kumbukumbu ambazo kampuni ilikuwa nazo tayari.

Ni kiwanda cha kupanga maua nchini Kenya. Mfanyakazi mmoja anapokea mawaridi kutoka shambani na kuwagawia wenzake wawili wanaoyafunga kuwa mashada. Wanaofunga hulipwa kwa idadi ya mashina, na mgawaji naye hulipwa kwa jumla ya kazi ya wale wawili. Kampuni ilikuwa inaandika kila siku nani kakaa na nani na wametoa mashina mangapi. Hjort aliziangalia namba hizo akaona kwamba mgawaji aliwapunguzia maua wenzake wasio wa kabila lake, hata pale ambapo kufanya hivyo kulimkata mshahara wake mwenyewe. Zikaja ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na pengo likapanuka. Februari 2008 menejimenti ikabadilisha malipo: wafungaji wawili wanaokaa pamoja wakaanza kulipwa kwa kazi yao ya pamoja, ili mgawaji asiweze kumnufaisha mmoja na kumuumiza mwingine. Tofauti kati ya wawili hao ikafutika.

Kila ninapofundisha utafiti huu darasa linanyamaza. Hakuna aliyeulizwa kama anabagua. Nani angejibu ndiyo? Jibu lilikuwa kwenye daftari la uzalishaji, limelala pale muda wote, na dawa iliyosaidia ilitoka ofisi ya utumishi: fomula ya kulipa.

Kuajiri kumetikisika zaidi kuliko eneo lolote. Tangu mwaka 1998 tulikuwa tukifundishwa, kwa kazi maarufu ya Frank Schmidt na John Hunter, kwamba kipimo cha uwezo wa akili ni miongoni mwa vinavyotabiri vizuri zaidi nani atafanya kazi vyema. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizipitia upya tafiti hizo na hesabu zake, wakakuta masahihisho ya kitakwimu yalikuwa yametiwa chumvi. Kwa kipimo ambacho sifuri ni kutotabiri kitu na moja ni kutabiri bila kukosea, kipimo cha akili kikashuka kutoka 0.51 hadi 0.31, na usaili wenye mpangilio, ule wa maswali yaleyale kwa kila msailiwa na alama zenye vigezo vilivyoandikwa, ukakaa juu ya vyote kwa 0.42. Usaili wa kupiga soga, ule wa "hebu tuambie wewe ni nani", ukaanguka hadi 0.19.

Usifurahie mapema kwamba sisi tunasaili kwa mpangilio. Miaka kadhaa iliyopita taasisi moja iliniomba nipitie kumbukumbu zake za usaili. Nilifunguliwa sanduku la karatasi za alama, wasaili watano kwa kila nafasi. Kwa juu zilipendeza, maswali yamechapwa, vigezo vimeandikwa. Nilipozipanga tano tano mezani nikaona aliyeshika namba moja ana 78 kwa wote watano. Wa pili 71 kwa wote watano. Nikaziinua dirishani kwenye mwanga: chini ya 78 za karatasi mbili kulikuwa na alama ya penseli iliyofutwa, moja 64, nyingine 59. Mwenyekiti alisema namba yake, wengine wakafuta za kwao. Hapo una msaili mmoja na mashahidi wanne, na mpangilio umebaki kwenye karatasi.

Hiyo ni mada ya tasnifu, na haijachoka hata kidogo. Alama za wasaili zinatofautiana kiasi gani kabla na baada ya kujadiliana? Na alama ya usaili inasema chochote kuhusu mtumishi huyo baada ya miezi kumi na miwili ya majaribio? Ukiichukua, kuwa mwangalifu na jambo moja, nalo ndilo lililowagombanisha wakubwa niliowataja: waliofeli usaili hawako masjala. Unawaona waliopita tu, ambao tayari wanafanana kwa alama, kwa hiyo uhusiano utakaoupata utakuwa mdogo kuliko ulivyo. Liseme hilo kwenye tasnifu bila kuzungusha, usijaribu kulisahihisha kwa hesabu usizozimudu.

Kuhusu akili mnemba, wenzako hawakukosea kwamba ndiko macho ya wengi yalipo. Kisa kinachotajwa zaidi ni cha Amazon. Walianza mwaka 2014 kutengeneza programu ya kuchuja wasifu wa waombaji, wakaifundisha kwa wasifu uliopokelewa ndani ya miaka kumi. Kwa kuwa waombaji wa kazi za ufundi wa kompyuta walikuwa wanaume kwa wingi, programu ikajifunza kuushusha wasifu wenye neno "wanawake", hata kama ni nahodha wa klabu ya sataranji ya wanawake. Kampuni iliachana nayo, na shirika la habari la Reuters likaitoa habari hiyo Oktoba 2018. Tangu hapo watafiti wanakagua mashine kama tunavyokagua wasaili, na sheria zinafuata. Jiji la New York tangu Julai 2023 linataka programu hizo zikaguliwe kama zinabagua, na sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya ya 2024 imeziweka programu za kuajiri na kutathmini wafanyakazi kwenye kundi la hatari kubwa. Kenya ina sheria yake ya data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Lakini wewe, katika halmashauri yako, utaipima wapi akili mnemba? Naogopa utaishia kuwagawia maafisa utumishi dodoso la "mtazamo kuhusu matumizi ya akili mnemba", watu ambao wengi wao hawajaitumia kuajiri hata mtu mmoja. Utakuwa umebadilisha nguo, mwili ni uleule uliorudishwa na msimamizi wako. Nasema hivyohivyo kuhusu "usimamizi wa kijani wa rasilimali watu", yaani ule unaojali mazingira, mada inayovuma sana sasa na iliyojaa madodoso hadi pomoni.

Kazi za kwenye majukwaa ya simu nitazigusa kidogo, maana hazihusu ofisi yako. Dereva anayepangiwa abiria, kupimwa kwa nyota na kufungiwa akaunti na programu ana meneja asiyeweza kugongewa mlango, na watafiti wanauliza haki za ajira zinaishia wapi hapo. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua Februari 2021 kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi wana haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Kwetu mvutano umekuwa juu ya kamisheni: mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, iliweka ukomo wa asilimia 15, na Uber ikasitisha huduma Aprili mwaka huo. Mwanafunzi aliyeko Dar es Salaam au Nairobi ana shamba zuri pale.

Kufanyia kazi nyumbani nako kumeandikwa sana tangu Uviko. Nakutajia utafiti mmoja tu kwa sababu ya ujanja wake. Nicholas Bloom na wenzake, katika kampuni ya usafiri ya Trip.com nchini China, walitaka kujua siku mbili za nyumbani kwa wiki zinafanya nini. Wafanyakazi 1,612 waligawanywa kwa tarehe ya kuzaliwa: aliyezaliwa tarehe witiri akapata siku hizo, aliyezaliwa tarehe shufwa akabaki ofisini siku zote. Walioacha kazi walipungua kwa theluthi, na tathmini za utendaji hazikutofautiana. Tarehe ya kuzaliwa haigharimu senti. Mkurugenzi wako akitaka kuanzisha utaratibu wowote mpya, mfano ujumbe wa simu wa kuwakumbusha watumishi kujaza kazi zao kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa OPRAS, unaweza kumwomba waanze waliozaliwa tarehe witiri na wengine wafuate baada ya miezi mitatu. Tayari una jaribio.

Ila kwa miezi minane iliyobaki, na kwa nafasi uliyo nayo, mimi ningekushauri uandike kuhusu kubaki na kuondoka kwa ajira mpya za walimu na watumishi wa afya. Halmashauri za vijijini zinaumia hapo kila mwaka: watu wanapangwa, wanaripoti, na baada ya muda barua za kuomba uhamisho zinaanza kupishana. Kila afisa utumishi ana maelezo yake, huyu anasema ni nyumba, yule barabara, mwingine ndoa. Sijaona halmashauri iliyokaa ikahesabu.

Na vyote vya kuhesabia unavyo. Fungua jalada binafsi la mwalimu mmoja. Folio za mwanzo ni barua ya ajira na taarifa ya kuripoti, hapo una tarehe na kituo. Mbele kidogo utakuta barua ya kuthibitishwa kazini, maombi ya likizo, kisha pengine maombi ya uhamisho, mara nyingine mawili au matatu kabla ya kukubaliwa, kila moja na sababu yake kwa mwandiko wa mhusika. Ongeza vitu utakavyovipata nje ya jalada: umbali wa kituo kutoka makao makuu ya wilaya, kama kuna nyumba ya mtumishi, kama alipangwa peke yake au na mwenzake wa ajira mpya, kama ametokea mkoa huohuo. Hicho cha "peke yake au na mwenzake" nakisisitiza. Nimekisikia kwa walimu wengi kwamba miezi ya kwanza ilivumilika kwa sababu kulikuwa na mtu wa kupika naye, na ni kitu ambacho halmashauri inaweza kukipanga bila kuomba bajeti.

Mambo ya kuangalia ni machache lakini yanaweza kukuangusha. Aliyeko kituoni hadi leo usimwandike kama mtu asiyeondoka kamwe. Hesabu siku zake hadi leo na uweke alama kwamba safari yake haijaisha. Kuna hesabu maalumu za data za namna hiyo, mtakwimu wa chuo atakuonyesha kwa siku mbili. Weka pembeni vipindi ambavyo uhamisho ulisitishwa na serikali, usije ukaona watu wametulia kumbe milango ilifungwa. Na kuwapo kwenye orodha si kuwapo darasani. Tafiti za ziara za kushtukiza zilizochapishwa mwaka 2006 zilikuta asilimia 27 ya walimu nchini Uganda hawako shuleni siku ya ziara, na asilimia 37 ya watumishi wa afya hawako kituoni, ilhali wote wamo kwenye orodha ya mishahara. Daftari la mahudhurio lenye mstari mwekundu wa saa moja na nusu litakusaidia kidogo tu, wewe mwenyewe unajua watu wanavyosaini.

Jambo moja sitaki ulichukulie kirahisi. Majalada hayo unayashika kwa cheo chako, na cheo hicho hakikupi ruhusa ya kuyatumia kwa masomo yako. Omba kibali cha mkurugenzi kwa maandishi na barua ya maadili ya utafiti ya chuo. Unapohamisha taarifa kwenye jedwali lako, jina na namba ya hundi, ile inayomtambulisha kwenye mshahara, vibaki masjala, wewe ondoka na namba ya siri uliyoitunga. Kwenye shule yenye walimu wanne, hata kutaja kata na somo kunatosha kumfichua mtu, kwa hiyo unganisha kata. Majalada ya masjala ya siri usiyaguse kabisa, huyahitaji. Walimu wale waliandika "naomba kumfuata mwenzi wangu" au "mama yangu anaumwa" wakimwambia mwajiri wao, na wewe unawajibika kwao kabla ya kuwajibika kwa msimamizi wako.

Kabla hujamrudia msimamizi na andiko jipya, chukua orodha ya ajira mpya za walimu waliopangwa kwenu miaka mitano iliyopita. Hesabu wangapi bado wako kwenye kituo cha kwanza walichoripoti. Ni kazi ya alasiri mbili. Ukiipata hiyo namba niandikie, na uniambie kama walimu waliopangwa wawili wawili wamebaki wengi zaidi.